Barua ya Wazi ya Walutheri wa Namibia ya Mwaka 1971: Jinsi Kanisa Lilivyopambanua Pamoja, na Jinsi Lilivyonyamaza Baadaye

Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague ilitoa maoni kwamba kuendelea kuwapo kwa Afrika Kusini katika nchi ya Namibia kulikuwa kinyume cha sheria. Siku tisa baadaye, tarehe 30 Juni, halmashauri za makanisa mawili ya Kilutheri ya Waafrika nchini humo zilimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, B. J. Vorster. Waliotia sahihi ni Askofu Leonard Auala wa Kanisa la Ovambokavango na Mchungaji Paulus Gowaseb, Moderata wa kanisa lililotokana na kazi ya Misioni ya Rhein. Kwa sababu hiyo barua ile imezoeleka kusimuliwa kama tendo la ushujaa la watu wawili. Ushujaa ulikuwapo, wala hakuna anayeweza kuukana. Makala haya lakini yanakusudia kuangalia njia ambayo barua ile ilipitia kabla ya kutiwa sahihi na baada yake, kwa maana nguvu yake ilikuwa katika njia hiyo. Na pale njia hiyo ilipoachwa, makanisa yale yale yakawa mazito wa kusema.

Makanisa hayo mawili hayakuwa na mazoea ya kufanya mambo pamoja. Upande wa kaskazini Injili ilipelekwa na Wafini kuanzia mwaka 1870, na kanisa lililozaliwa huko likawa na askofu na liturgia ya namna ya Kifini. Upande wa kati na kusini walitangulia Wajerumani wa Misioni ya Rhein tangu mwaka 1842, kati ya Wanama, Waherero na Wadamara, na kanisa lao halikuwa na askofu. Lugha zilikuwa mbalimbali, na kumbukumbu za vita vya zamani baina ya makabila hazikuwa zimefutika. Serikali nayo, kwa kufuata mapendekezo ya Tume ya Odendaal ya mwaka 1964, ilikuwa ikiigawa nchi ili kila kabila liwe na eneo lake na utawala wake, yaani kila mtu abaki na wa kwao.

Kinyume cha mkondo huo, makanisa haya yalikuwa yameungana mwaka 1963 kuendesha chuo kimoja cha theolojia, Paulinum, pale Otjimbingwe. Huko kijana wa Kiovambo alikaa na kijana wa Kiherero na wa Kinama, wakala chakula kimoja na kusoma Agano Jipya moja. Leo jambo hili laonekana dogo. Katika Namibia ya wakati ule, mahali ambapo vijana wa makabila yote waliishi pamoja bila idhini ya mpango wa serikali palikuwa pachache mno. Ni vigumu kuamini kwamba barua ya pamoja ingeliandikwa kama maisha ya pamoja hayakutangulia.

Habari za The Hague zilipofika Paulinum, wanafunzi walizijadili. Hawakukimbilia gazetini, bali waliandika na kuwapelekea viongozi wa makanisa yao, wakiwataka Kanisa liseme. Mmoja wa wanafunzi wa miaka ile alikuwa Zephania Kameeta, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu. Si mara nyingi halmashauri ya kanisa huacha ajenda yake ili kusikiliza wanafunzi wa theolojia, na wanafunzi wenyewe wanalijua hilo vizuri. Halmashauri hizi mbili zilisikiliza. Zilitafakari kwa pamoja, zikaafikiana kuhusu maneno ya barua kwa Waziri Mkuu, na pamoja nayo zikaandaa waraka wa kichungaji kwa washarika.

Barua yenyewe haikuwa ndefu wala haikuwa na matusi. Ilitumia Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kama kipimo, ikaonyesha jambo kwa jambo jinsi serikali ilivyopungukiwa: watu weusi hawakuwa huru kwenda watakako katika nchi yao wenyewe, hawakuwa na kura, waliogopa kusema mawazo yao, kazi nzuri zilihifadhiwa kwa Wazungu, na mfumo wa kazi za mkataba ulivunja ndoa kwa kuwatenga waume na wake zao. Mwishoni ilimtaka Waziri Mkuu atafute suluhisho la amani, na nchi ipate kuwa dola huru inayojitegemea. Waraka kwa washarika ulieleza sababu ya kuandika: kama Kanisa lingeendelea kunyamaza lingebeba hatia juu ya maisha ya watu wake.

Jumapili tarehe 18 Julai nyaraka hizo zilisomwa mimbarini. Hapa ndipo uamuzi wa halmashauri ulipokuwa sauti ya Kanisa. Karibu nusu ya wananchi wote wa Namibia walikuwa Walutheri. Mama ambaye mumewe alikuwa ameondoka kwa mkataba wa miezi kumi na miwili au kumi na minane, kwenda mgodini au kwenye shamba la Mzungu, alisikia ibadani kwamba jambo lililoipata nyumba yake si mapenzi ya Mungu. Mchungaji aliyesoma alijua kwamba polisi watasikia, naye alisoma. Barua kwa Waziri Mkuu ingeweza kutupwa kapuni huko Pretoria; barua iliyokwisha kusomwa mbele ya usharika haiwezi kufutwa. Kanisa la Kilutheri la Wajerumani nchini humo halikuiunga mkono, ingawa lilikiri Ungamo lile lile la Augsburg.

Vorster hakuweza kuidharau. Tarehe 18 Agosti 1971 alikutana na viongozi wa makanisa mjini Windhoek, lakini hakukubali hoja zao. Mwezi Desemba mwaka huo huo wafanyakazi wa mkataba, zaidi ya 13,000, waligoma, na migodi mingi ikasimama. Sisemi kwamba barua ndiyo iliyoleta mgomo: wafanyakazi walikuwa na uchungu wao na viongozi wao. Hata hivyo wengi wao walikuwa washarika wa Askofu Auala, na malalamiko yao yalikuwa yamekwisha kutajwa hadharani madhabahuni. Colin Winter, Askofu wa Kianglikana aliyesimama na Walutheri, alifukuzwa nchini mwaka 1972. Usiku wa Mei 1973 kiwanda cha uchapaji cha kanisa huko Oniipa kililipuliwa. Washarika wakakijenga tena, na mwaka 1980 kikalipuliwa mara ya pili.

Sehemu ya pili ya habari hii inatugusa sisi wa Tanzania kwa karibu zaidi. Mwezi Juni 1977 Mkutano Mkuu wa sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wajumbe walitamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika umeleta hali ya ungamo, maana yake kuukataa waziwazi si suala la siasa ambalo Wakristo waweza kutofautiana, bali ni suala la imani yenyewe. Kwa msingi huo mkutano wa Budapest wa mwaka 1984 ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu, mojawapo likiwa lile la Wajerumani wa Namibia. Twajivunia tamko la Dar es Salaam, na ni haki yetu.

Siku zile zile ambazo wajumbe walikuwa wakijadili, Andreas Shipanga na wenzake kumi, Wanamibia wanachama wa SWAPO waliopingana na uongozi wa chama chao, walikuwa kizuizini hapa hapa Tanzania. Walikuwa wamekamatwa Zambia mwaka 1976, wakahamishiwa kwetu, na walishikiliwa bila kufikishwa mahakamani hadi mwaka 1978. Viongozi wa Kanisa hawakukosa habari. Salatiel Ailonga, Mchungaji wa Kilutheri aliyewahudumia wakimbizi wa Namibia huko Zambia, alimwandikia Askofu Auala na wengine mwaka 1976 akiomba msaada kwa ajili ya waliokamatwa. Yeye mwenyewe ilimpasa kuhamia Finland. Barua yake haikupata njia ambayo barua ya wanafunzi wa Paulinum iliipata. Ilibaki mikononi mwa wachache, ikashughulikiwa kwa faragha.

Katika miaka ya 1980 jambo hilo lilirudi kwa ukubwa wa kutisha. Vyombo vya usalama vya SWAPO viliwakamata mamia ya wanachama wake huko Angola, wakishukiwa kuwa wapelelezi, wakawaweka katika mashimo karibu na Lubango. Wazazi waliunda kamati yao, wakabisha milango ya maaskofu na ya Baraza la Makanisa la Namibia. Wengi wa wazazi hao walikuwa washarika waaminifu. Viongozi wa Kanisa waliwauliza viongozi wa chama, wakapewa maelezo, na hadharani hawakusema.

Tusiwahukumu kwa wepesi. Nchi ilikuwa vitani, na kila neno dhidi ya SWAPO lilitumiwa na Pretoria siku iyo hiyo. Askofu aliyewazika vijana waliouawa na majeshi ya Afrika Kusini hakutaka kuwapa wauaji wao silaha. Lakini hoja hiyo hiyo, kwamba ukweli utamfaidi adui, ndiyo ambayo Kanisa la Wajerumani liliitumia kwa namna yake mwaka 1971. Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba safari hii suala halikupelekwa kwa Kanisa. Mtume Paulo anapowaagiza Wakorintho kwamba manabii waseme na wengine wapambanue (1 Kor. 14:29), hasemi kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na watu watatu katika ofisi.

Mwaka 1989, kabla ya uchaguzi, wafungwa waliokuwa hai walianza kurudi. Kundi moja la zaidi ya 150 lilifika mwezi Julai likiwa na makovu mwilini. Wengine hawakurudi, na jamaa zao hawakuonyeshwa makaburi. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Mwaka 1995 Siegfried Groth, Mchungaji wa Kijerumani aliyewahudumia wakimbizi wa Namibia kwa miaka mingi, alichapa kitabu kuhusu yaliyotendeka, akakiita ukuta wa ukimya. Mwaka uliofuata Rais Sam Nujoma alikishutumu kitabu hicho katika televisheni. Ndipo waliokuwa wafungwa wakaunda chama chao cha kuuvunja ukuta huo, wakiwataka viongozi wa chama na wa makanisa wakutane nao waziwazi, majina ya waliopotea yatajwe.