Makazi yenye Ulezi kwa Vijana wa Uingereza: Nani Alipe Ujira wa Mlezi?

Desemba 1969 kasisi mmoja wa Kianglikana, Kenneth Leech, alifungua chumba cha chini cha kanisa la St Anne, mtaani Soho mjini London, ili vijana waliokuwa wakilala vibarazani wapate pa kujisitiri na baridi ya usiku. Makazi hayo yakaitwa Centrepoint, na si mbali na hapo lilisimama jengo refu la jina hilohilo, lililomalizwa 1966 na kukaa tupu kwa miaka, ilhali binadamu wakilala barabarani. Tangu hapo dhana ya makazi yenye ulezi, yaani nyumba ambamo kijana hupewa chumba pamoja na mtu wa kumwongoza mpaka aweze kujitegemea, imepata wafuasi wengi na maadui wachache. Walakini suala la nani alipe ujira wa yule mwongozaji halijapata jibu la kudumu, nami naona kwamba hilo, kuliko jambo jingine lolote, ndilo linaloamua kama nyumba hizo zitawanyanyua vijana au zitawahifadhi tu.

Sheria ilikwenda polepole. Ile ya 1977, iliyozitwika halmashauri dhima ya kuwapatia makazi wasio nayo, iliwatanguliza wenye watoto, wazee na wagonjwa. Kijana mzima wa afya, asiye na mke wala mtoto, aghalabu aliambulia ushauri. Mwaka 1988 wengi wa wenye umri wa miaka 16 na 17 waliondolewa haki ya posho ya kujikimu, kwa hoja kwamba mahali pa mtoto ni kwa wazazi wake; hoja njema kwa mwenye wazazi wanaomtaka, lakini aliyefukuzwa na baba wa kambo, au aliyekulia katika malezi ya serikali, angerudi kwa nani? Ilibidi kungoja hadi 2002 ndipo vijana wa umri huo waingizwe katika orodha ya wanaotangulizwa, na hadi 2009 ndipo mahakama ya juu kabisa, katika shauri lililoihusu halmashauri ya Southwark, ihukumu kwamba mtoto wa aina hiyo ni haki yake kutunzwa na idara ya watoto, wala asisukumwe kwenye idara ya nyumba kana kwamba ni mpangaji kama wapangaji wengine.

Katikati ya hayo, mwaka 1992, Uingereza iliazima kwa Ufaransa mtindo wa foyer, ambao Wafaransa waliukuza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya vijana waliotoka mashamba kwenda kufanya kazi mijini. Humo kijana hupata chumba chenye ufunguo wake, jiko la kushiriki na wenziwe, na mlezi wa kukutana naye mara kwa mara kupanga masomo, kazi na matumizi ya fedha. Hili la mwisho si dogo. Ruzuku ya serikali hulipa kodi ya chumba, lakini hailipi umeme, maji wala chakula cha mkaaji mwenyewe, na kwa hiyo kila juma hudaiwa pauni kadhaa kutoka mfukoni mwake. Deni hilo, ambalo mwenye mshahara hata halihesabu, laweza kumrudisha kijana barabarani, kwa kuwa hakupata kufundishwa na mtu yeyote kutenga fedha kabla hazijaisha. Mlezi mwema huligundua deni lingali changa, akamketisha kijana, wakaandikiana kiasi cha kulipa kidogo kidogo. Kazi hii haina fahari ya kupigwa picha, lakini ndiyo shina la mambo yote.

Mwaka 2003 serikali ilianzisha mfuko wa pekee wa kuilipia kazi hiyo ya ulezi, Supporting People, wenye takriban pauni bilioni 1.8 kwa mwaka wa kwanza, mbali na ruzuku ya kodi. Tadbiri ya busara kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 2009 ulinzi wa fedha hizo uliondolewa katika England, halmashauri zikawa huru kuzitumia kwa mahitaji mengine, na zama za kubana matumizi zilipowadia huduma za ulezi zilipunguzwa vibaya sana. Kodi, hata hivyo, iliendelea kulipwa. Tena mwenye nyumba asiyeendesha biashara ya faida, akionyesha kwamba anatoa uangalizi japo unaozidi kidogo ule wa kutajika tu, hakubanwa na kikomo cha kodi kinachowabana wengine. Na tamaa haikukawia kuuona mlango huo. Birmingham ndiko fedheha ilikodhihirika zaidi, nyumba za familia zikikatwa vyumba vyumba, na katika zile mbaya kabisa ulezi wote ukawa ni kugonga mlango na kuuliza kama mkaaji yu hai. Kamati ya Bunge ilitoa ripoti kali Oktoba 2022, na Juni 2023 ikapatikana sheria ya leseni na viwango. Ni jambo jema, ila leseni humzuia mlaghai tu, haimlipi mlezi.

Iko taksiri nyingine, iliyofichika zaidi. Mkaaji wa nyumba hizi hupewa posho ya kujikimu na mfuko mmoja, na ruzuku ya kodi na mfuko mwingine. Kwa hesabu iliyotumika tangu mwisho wa 2021, akiajiriwa, posho hupungua peni 55 kwa kila pauni ya ujira. Ikiisha, ruzuku nayo huanza kukatwa peni 65 kwa kila pauni. Kwa kuwa kodi ya nyumba yenye ulezi ni kubwa, kijana anayeongeza saa za kazi dukani huweza kujikuta hana nafuu yoyote, na mlezi yuleyule aliyemhimiza atafute kazi hulazimika kumpigia hesabu na kumwonya asiongeze.

Wako wanaotaka mfumo huu uachwe, wakitoa mfano wa Finland, ambako tangu 2008 mabweni ya wasio na makazi yaligeuzwa nyumba za kupanga, mtu akapewa mkataba kwanza, bila sharti la kuacha ulevi, na msaada ukamfuata. Nakubaliana nao kwa nusu. Kumtoa kijana nje kwa kukosa kuhudhuria darasa ni kumwadhibu kwa udhaifu uleule uliomleta. Lakini mwenye miaka 17 hajapata kuishi peke yake, na kumkabidhi ufunguo bila mtu wa kumwuliza hali ni kumtelekeza kwa adabu. Hata Wafini hawakuwaondoa walezi: walitenga mkataba wa nyumba na mwenendo wa mpangaji, na ulezi wakaulipia mbali na kodi. Uingereza ilikwisha kufanya nusu ya hayo mwaka 2003. Na iurudishe mfuko ule, safari hii ukilindwa kwa sheria, na hesabu ya ruzuku irekebishwe ili kijana afanyaye kazi abaki na sehemu ya maana ya ujira wake. Bunge lililoweza kutunga sheria ya leseni halishindwi na hilo.