Kichupa cha Junipa Sokoni Macalder

Mwaka jana, siku ya soko, binamu yangu alinunua kichupa cha mafuta hapa Macalder kwa shilingi 700. Juu yake kulikuwa na picha ya matunda madogo ya buluu na neno moja la Kiingereza: juniper. Muuzaji alimwambia yanaua viini vyote. Binamu yangu huchimba dhahabu, na wiki hiyo sururu ilikuwa imemkata juu ya kifundo cha mguu. Alipaka asubuhi na jioni, akasema hospitali haina haja.

Dani aliniita. "Nyathina, si wewe ndiye ulisomea mambo ya kemia? Hii kitu ni dawa?"

Nilisomea, ndiyo, miaka miwili, halafu karo ikaisha nikarudi nyumbani. Siku hizi naandika vitu vya kulipwa kwa ukurasa. Lakini swali la Dani lilinishika, nikaanza kulifuata nyuma.

Limetoka mbali. Wakati wa tauni kubwa ya karne ya 14, watu wa Ulaya walichoma matawi ya junipa ndani ya nyumba. Waliamini ugonjwa unabebwa na hewa mbaya, kwa hivyo harufu kali ingeufukuza. Tauni haikusikia. Matunda hayohayo yakaingia kwenye pombe, na jini ikapata jina lake kutoka kwa mti huo. Mwaka 1937, mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé akachapisha kitabu kilicholeta neno aromatherapy, na biashara ya vichupa ikapata jina linalosikika kama la daktari.

Sasa, ndani ya kichupa kuna nini? Kwanza, yale si matunda hasa. Ni koni, kama za msonobari, ila magamba yake yamenenepa yakashikana. Ukiyapitishia mvuke unapata mafuta yenye alfa-pinini kwa wingi, kemikali ileile inayoipa tapentaini harufu yake. Kuna pia sabinini, mirsini, limonini na kiasi kidogo cha terpineni-4-oli. Viwango hubadilika kulingana na mahali mti ulipokua na wakati wa kuvuna, ndiyo maana vichupa viwili vyenye lebo moja vinaweza kuwa vitu tofauti.

Na je, yanaua viini? Maabara wanaotesha bakteria kwenye sahani, wanaweka kikaratasi chenye mafuta katikati, kisha wanapima duara ambalo bakteria wameshindwa kumea. Junipa huacha duara. Kemikali hizi hupenda mafuta, kwa hivyo hujipenyeza kwenye utando wa seli ya kiini mpaka unavuja. Baadhi ya fangasi huathirika, na bakteria kama stafilokoki pia. Lakini wale wenye utando wa nje wa ziada, kama sudomonasi ambaye hupenda vidonda vibichi, mara nyingi hawajali. Tena sahani haina damu, haina usaha, haina matope ya shimoni. Mafuta yakikaa wazi huoza kwa hewa, yakaanza kuwasha ngozi.

Kumbe hata sisi tuna junipa yetu. Ni mtarakwa, ule wa Mau, Aberdare na Mlima Kenya, junipa pekee duniani iliyovuka ikweta yenyewe kwenda kusini. Wengi wetu tunauita mwerezi kwa sababu walowezi waliuita cedar, na Biblia ikatuzoesha mierezi ya Lebanoni. Mkanganyiko uko pande zote: mti aliokaa chini yake Eliya, Biblia ya King James iliuita juniper, ya Kiswahili ikaandika mretemu, na kwa kweli ni kichaka cha jangwani kisicho na undugu na mtarakwa.

Wakoloni hawakuutaka mtarakwa kwa dawa. Marekani ilipoanza kuishiwa na mbao za penseli, macho yakageukia huku. Kule Usambara, Wajerumani walivuta njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara hadi msituni juu ili kushusha magogo. Kenya mti ukawa nguzo za ua za mashamba ya walowezi na vipande vya penseli vya kusafirishwa. Baadaye sana watafiti walipata ndani yake totaroli na feruginoli, ambazo maabara zinazuia baadhi ya bakteria. Bado hakuna dawa ya kidonda iliyotoka hapo ya kumpa Dani.

Macalder tunaijua biashara ya aina hiyo. Kampuni ya wakoloni ilichimba shaba na dhahabu hapa, mgodi ukafungwa 1966. Vijana bado wanachokora mabaki, wanaosha udongo kwa zebaki, na wakiumia wanatibiwa na chochote kilicho karibu na chenye bei ya leo. Nilikuwa nataka kumcheka binamu yangu. Lakini boda hadi hospitali, foleni, na siku nzima bila shimo, hiyo ni zaidi ya shilingi 700.

Siku ya sita mguu ulivimba hadi gotini, akaanza kutetemeka. Sikumsomea habari za pinini. Nilimwambia, "Omera, panda boda, nalipa mimi." Walikifungua kidonda, wakatoa usaha, wakampa sindano ya pepopunda na dawa za kumeza. Wiki ya tatu alirudi shimoni.

Dani alihifadhi kichupa. Ameweka tone kwenye sanduku la nguo, anasema mende wamepungua. Sijabisha. Ila aliponiuliza tena kama ni dawa, nilimjibu: ya sanduku labda, ya mguu hapana.