Jipu la jino: vidonge vinatuliza, chanzo kinabaki

Shavu limevimba, usiku mzima hakuna kulala. Asubuhi mutu anapita kwa muuza dawa, ananunua vidonge vya rangi mbili kwa kuhesabu, sita ao nane, na kisha siku tatu uvimbe unashuka. Anasema: nimepona. Miezi michache baadaye jino lilelile linamrudia, tena kwa nguvu zaidi. Hapa Baraka na Fizi wengi wetu tunaijua hiyo hadithi.

Inaanza na tundu. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi inatoboa jino polepole. Tundu likifika kwenye sehemu laini ya ndani, yenye damu na mshipa wa fahamu, chai ya moto inauma, maji ya baridi yanauma. Siku moja maumivu yanakatika ghafla. Mutu anafurahi, kumbe mara nyingi ni mshipa umekufa. Vijidudu vinaendelea mpaka ncha ya mzizi, vinaingia kwenye mfupa wa taya, na usaha unakusanyika pale. Hilo ndilo jipu. Jino linakuwa kama limerefuka, hata bukari laini inaliumiza. Wengine wanaota kipele kwenye fizi (ya mdomoni, si mji wetu) kinachotoa maji machungu.

Sasa kwa nini vidonge havimalizi? Dawa ya kumeza inasafiri na damu. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena, basi dawa nayo haifiki. Inapunguza vijidudu vya pembeni tu. Ni kama kufukuza nzi na kuacha ndagala zilizooza ndani ya nyumba. Tiba ni kutoa usaha na kuondoa chanzo: kung'oa jino, ao kulifungua, kusafisha mzizi na kuuziba. Hii ya pili inaokoa jino, lakini inaomba munganga wa meno mwenye vifaa, na kwetu wengi wanaishia kung'oa. Antibiotiki inaongezwa kama kuna homa ao uvimbe unaenea. Hapo unameza dozi yote munganga aliyoandika.

Wazee wanasema jino lililovimba haling'olewi. Munganga ndiye anaamua, na mara nyingi kung'oa mapema ndiko kunashusha uvimbe, hata kama sindano ya ganzi inafanya kazi kidogo penye usaha.

Wakati unangojea, sukutua na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli 2 za miligramu 500, kisha masaa 6 tena, bila kupita 8 kwa siku. Usitie maji ya betri, petroli ao kidonge kilichosagwa: vinaunguza fizi, jipu linabaki. Usitoboe na sindano ya kushonea.

Kuna hali isiyongojea. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, ao ukipanda kwenye jicho, mdomo haufunguki, ulimi unainuliwa, mate hayamezeki, pumzi inakuwa nzito: hiyo inaweza kuua kwa kuziba njia ya hewa. Ni hopitali moja kwa moja, Baraka, Nundu ao ile iliyo karibu. Mutu wa Lulimba ao Kilembwe aanze safari mapema, wakati ni homa na shavu tu, juu barabara zetu usiku na mvua tunazijua. Mwenye sukari ya damu na mama mjamzito nao wasikawishe. Mimba si sababu ya kuacha jipu.

Jino la utoto nalo litibiwe, maana usaha wake unaweza kuharibu lile linalokuja chini yake. Na wale wanaochimba fizi za watoto wachanga kutoa "meno ya plastiki" wanaharibu meno halisi na kuleta maambukizo.

Tundu dogo linazibwa bila umeme wala mashine: munganga anakwangua kilichooza na kifaa cha mkono, anajaza. Njia hiyo ilianzia ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Uliza kama inafanyika hopitali ya karibu, kabla jino halijaanza kukuamsha usiku. Nyumbani, sugua meno mara 2 kwa siku na dawa ya meno yenye floridi, ya mwisho kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue sana. Soda na pipi za kutwa nzima zinaharibu zaidi kuliko zile za mara moja baada ya chakula.