Nyundo ya Bellavista: Namna Costa Rica ilivyoliaga jeshi lake

Tarehe 1 Desemba 1948, mwanamume mfupi wa kimo alipanda juu ya ukuta wa kambi ya Bellavista, katikati ya San José, mji mkuu wa Costa Rica. Akashika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akaugonga ukuta mpaka vipande vikamomonyoka. Mtu huyo aliitwa José Figueres Ferrer, na ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali. Baada ya hapo funguo za kambi alikabidhiwa Uladislao Gámez, Waziri wa Elimu. Siku hiyo Costa Rica ilitangaza kwamba haina tena jeshi, na kwamba kambi yake kuu itageuzwa kuwa makumbusho.

Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Taifa. Matundu ya risasi bado yapo kwenye minara yake, hayakuzibwa, na watoto wa shule wanaopelekwa kutembelea makumbusho huweza kuyaona kwa macho yao. Tangu mwaka 2020, tarehe 1 Desemba ni sikukuu ya taifa.

Figueres hakuwa mtu wa kuogopa bunduki. Alikuwa mkulima. Shamba lake lilikuwa milimani kusini mwa San José, na alikuwa amelipa jina linalomaanisha "mapambano yasiyo na mwisho". Hapo alilima kabuya, mmea wa jamii moja na mkonge, na kwa nyuzi zake akatengeneza kamba na magunia ya kahawa. Msomaji wa Tanga au Korogwe angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1942 alizungumza redioni akiishutumu serikali. Polisi wakamkatiza kabla hajamaliza hotuba, na akafukuzwa nchini akaenda kuishi Mexico kwa miaka 2.

Februari 1948 nchi ilipiga kura. Otilio Ulate, mgombea wa upinzani, alitangazwa mshindi dhidi ya rais wa zamani, Rafael Ángel Calderón Guardia. Tarehe 1 Machi bunge likayafuta matokeo. Siku chache baadaye Figueres alianzisha vita kutoka shambani kwake, akiwa na wakulima, vijana wa mjini na wapiganaji kutoka nchi jirani. Vita vilidumu takriban wiki 6, Figueres akashinda na kushika serikali, na waliokufa wanakadiriwa kuwa watu 2,000 katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 1. Kila mji ulikuwa na msiba.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Mshindi wa vita ndiye aliyelivunja jeshi. Wapo wanahistoria wanaosema Figueres alipiga hesabu za siasa: jeshi lililoshindwa lilikuwa la serikali iliyopita, na kuliacha hai kungekuwa kufuga nyoka ndani ya nyumba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wengi walioshinda vita kama vyake, Amerika ya Kati na kwingineko, waliwafukuza maofisa wa zamani wakaweka wa kwao. Figueres alikuwa na wapiganaji wake tayari, wenye silaha mkononi na ushindi kichwani. Angeweza kuwavisha sare mpya siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo.

Wananchi nao walikuwa na kumbukumbu yao. Januari 1917 Waziri wa Vita, Federico Tinoco, alimpindua rais na kutawala kwa mabavu. Juni 1919 walimu, wengi wao wanawake, waliingia mitaani San José pamoja na wanafunzi wao na kulichoma moto jengo la gazeti lililomtetea. Miezi 2 baadaye Tinoco akaikimbia nchi. Kwa hiyo miaka 29 kabla ya nyundo ya Figueres, mwalimu na askari walikwisha kukabiliana barabarani katika mji uleule.

Tamko la juu ya ukuta lingeweza kupeperuka na upepo. Kilichofuata ndicho kilicholipa nguvu. Katiba mpya ya Novemba 1949, katika ibara yake ya 12, inapiga marufuku jeshi kama taasisi ya kudumu. Ulinzi wa raia ni kazi ya polisi, na majeshi yanaweza kuundwa tu kwa makubaliano ya bara zima au taifa linapolazimika kujitetea, tena yakiwa chini ya mamlaka ya kiraia. Katiba hiyohiyo iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Mwezi huohuo Figueres akamkabidhi Ulate madaraka, yule aliyenyang'anywa ushindi wake zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla.

Majaribu hayakuchelewa. Nyundo ilikuwa haijamaliza hata wiki 2 kabatini pale wafuasi wa Calderón walipovuka mpaka kutoka Nicaragua. Aprili 1949 Waziri wa Usalama mwenyewe, Edgar Cardona, alijaribu mapinduzi, yakashindwa. Januari 1955 uvamizi mwingine ulitoka Nicaragua, safari hii Figueres akiwa rais aliyechaguliwa kwa kura. Costa Rica ilikimbilia Jumuiya ya Nchi za Amerika, na Marekani ikaiuzia ndege 4 za kivita kwa dola 1 kila moja. Wavamizi wakarudi walikotoka. Ni haki kusema wazi kwamba nchi hii haikuishi salama kwa maombi peke yake: ilikuwa na mikataba, na ilikuwa na marafiki wenye silaha.

Na fedha je? Hapa wengi wanaoisifu Costa Rica hutia chumvi. Jeshi la 1948 lilikuwa dogo na limechakaa, hivyo fedha zilizookolewa mwaka ule hazikuwa mlima. Faida kubwa ilikuja pole pole, mwaka baada ya mwaka, kwa vitu ambavyo havikununuliwa. Guatemala ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1960 hadi 1996, wakafa watu wapatao 200,000. El Salvador ikapoteza kama 75,000 kati ya 1980 na 1992. Vifaru, helikopta na mishahara ya majenerali vilipokuwa vikinyonya bajeti za majirani, Costa Rica ilikuwa ikitandaza nyaya za umeme kupitia shirika la umma lililoundwa mwaka 1949.

Tazama afya. Kuanzia mwaka 1973 serikali ilituma wahudumu wa afya vijijini. Mhudumu alikwenda nyumba hadi nyumba: akaandika idadi ya waliomo, akachanja watoto, akakagua choo na maji ya kunywa, kisha akaendelea na nyumba inayofuata. Kazi ya miguu na daftari, isiyo na gwaride wala tarumbeta. Mwaka 1970 watoto zaidi ya 60 katika kila 1,000 waliozaliwa walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka. Kufika 1980 walikuwa kama 20. Leo Mkosta Rica anatarajiwa kuishi miaka 80 hivi, katika nchi ambayo si tajiri sana. Sifa si za kufuta jeshi peke yake, maana bima ya afya ya taifa ilianzishwa mwaka 1941 na Calderón, adui wa Figueres. Lakini bima hiyo ilipata nafasi ya kukua kwa sababu hakukuwa na jenerali wa kuinyang'anya sahani.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Marekani iliwafadhili waasi wa Nicaragua na ilitaka Costa Rica iwape njia. Kaskazini mwa nchi kulijengwa kwa siri uwanja wa ndege wa kuwahudumia. Óscar Arias alipoingia madarakani kama rais mwaka 1986 aliukataza, na Agosti 1987 marais 5 wa Amerika ya Kati, yeye akiwa mmoja wao, walikutana nchini Guatemala wakatia saini mpango wa amani. Mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wala Costa Rica haikubaki peke yake: jirani yake Panama nayo iliingiza marufuku ya jeshi katika katiba yake mwaka 1994.

Askari wa Nicaragua walipoingia mwaka 2010 katika ardhi yenye mgogoro kando ya mto San Juan, Costa Rica ilituma mawakili. Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba ardhi hiyo ni ya Costa Rica, na mwaka 2018 ikaiamuru Nicaragua kulipa fidia ya dola 378,890 na senti kadhaa. Fedha hizo zililipwa mwaka huohuo.

Sasa hatari imebadilika sura. Magenge ya dawa za kulevya yanagombania bandari na mitaa, na mwaka 2023 watu 907 waliuawa, idadi ambayo nchi haikuwahi kuishuhudia. Wakati huohuo shule zinabanwa. Ibara ya 78 ya katiba, iliyorekebishwa mwaka 2011, inataka elimu itengewe asilimia 8 ya pato la taifa, lakini katika miaka ya karibuni imepata chini ya asilimia 6. Kijana aliyeacha shule katika bandari ya Limón ndiye anayesajiliwa na genge. Ibara ya 12 imeheshimiwa kwa zaidi ya miaka 75. Ibara ya 78 haiheshimiwi, na hilo ni deni ambalo serikali ya Costa Rica inadaiwa na watoto wake.