Wageni wa Kreta na Madalali Wao

Zamani, kabla Karatu haijawa mji wa mahoteli, ilipokuwa bado nchi ya Wairaqw yenye mashamba machache ya walowezi, sifa za Kreta ya Ngorongoro iliyo jirani zilienea ng'ambo kwa barua na kwa vinywa vya waliokwisha kuiona. Mwaka 1959, ambao ndio hifadhi ilipoasisiwa, ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, naye Mary Leakey akafukua fuvu la Zinjanthropus huko Oldupai. Na nathubutu kusema kwamba mambo hayo mawili, ambayo hapana mwenye hoteli aliyeyagharimia, yaliwavuta wageni kuliko matangazo mengi ya kulipiwa.

Mwenye nyumba ya wageni wa zama hizo aghalabu alimtegemea wakala wa Nairobi au Arusha, aliyechapa vijitabu vya picha, akapokea fedha, akakata ujira wake. Na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, biashara ikadorora, kwa sababu wageni wengi walikuwa wakipitia huko.

Ikaja intaneti, na wengi wakadhani dalali amekwisha. La, alihama tu. Tangu mwaka 2002 Google huyapiga mnada maneno yenyewe yanayotafutwa, hata mwenye hoteli ya Karatu anayetaka jina lake litangulie pale mtu wa Berlin anapoandika "Ngorongoro" hushindana na makampuni ya Arusha na ya Ulaya, naye hulipa kila tangazo linapobofywa. Wenyeji wa Karatu wanaujua mnada wa ng'ombe, ambapo mnyama huonekana na bei husikika. Huu mwingine humalizika kufumba na kufumbua, washindani hawaonani, wala mwenye dau kubwa hashindi daima, kwani ubora wa tangazo nao hupimwa.

Simu ya mkononi ndiyo iliyopindua mambo zaidi. Mwezi Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea, kwa watafutao kwa simu, kurasa zinazosomeka vyema kwenye kioo kidogo, na mwezi uliofuata ikatangaza kwamba katika nchi kumi, Marekani na Japani zikiwamo, utafutaji kwa simu umeshinda ule wa kompyuta. Tovuti yenye herufi za kukodolea macho ikasogezwa nyuma, hata kama vyumba vya mwenyewe ni safi na kahawa yake haina mfano. Dhuluma kidogo, kwa rai yangu, maana kutandika kitanda na kutengeneza tovuti ni elimu mbili mbalimbali.

Lakini msafiri aliye njiani kutoka Makuyuni, kwenye lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani, sasa aweza kuchagua malazi garini, akaiona katika ramani nyumba ndogo ambayo wakala wa zamani asingejishughulisha kuitaja. Na yupo mteja mwingine, ambaye vile vijitabu vya Kiingereza na Kijerumani havikumkusudia kamwe: Mtanzania wa Mwanza au Dodoma, anayeona picha ya Kreta katika Instagram, akauliza bei kwa Kiswahili kupitia WhatsApp, na asipojibiwa upesi akamwuliza jirani.