Ziara za makumbusho kwa watu wenye ulemavu wa kusikia

Ziara za makumbusho kwa watu wenye ulemavu wa kusikia ni matembezi ya kuongozwa yanayoandaliwa ili viziwi na watu wenye usikivu hafifu wapate maelezo sawa na wageni wengine. Katika ziara ya kawaida maelezo mengi hutolewa kwa mdomo au kwa sauti iliyorekodiwa. Asiyesikia huviona vitu bila kujua habari zake, wala hawezi kushiriki maswali na majibu.

Mahitaji

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kutokana na upotevu wa kusikia. Mahitaji yao hayafanani. Viziwi wengi hutumia lugha ya alama, nayo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Wengine, hasa waliopoteza usikivu uzeeni, hawaijui lugha hiyo. Hutegemea vifaa vya kusaidia kusikia, maandishi au kusoma midomo. Kusoma midomo peke yake hakutoshi: kwa mfano, maneno "pia", "bia" na "mia" huonekana sawa midomoni. Kwa sababu hiyo hakuna mbinu moja inayowafaa wote.

Mbinu

*Waya wa usikivu*: waya huzungushwa ukumbini na kuunganishwa na maikrofoni kupitia kikuza sauti. Waya hutoa uga sumaku unaopokewa na koili ndogo iliyomo katika vifaa vingi vya kusaidia kusikia. Mgeni husikia sauti ya kiongozi bila kelele za ukumbi. Huduma hiyo hutambulishwa kwa alama ya sikio yenye herufi T.

*Maandishi*: filamu huwekewa manukuu, na maelezo ya sauti huandikwa ili yasomwe kwenye karatasi au simu.

*Ukalimani*: mkalimani hutafsiri maneno ya kiongozi kwa lugha ya alama. Kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na kitu kinachoelezwa kwa wakati mmoja. Hivyo kiongozi hunyamaza kidogo baada ya maelezo ili wageni wakitazame. Mkalimani husimama karibu na kitu hicho, penye mwanga wa kutosha, bila dirisha linalong'aa nyuma yake.

*Viongozi viziwi*: ziara huongozwa moja kwa moja kwa lugha ya alama. Makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York, yameandaa ziara za namna hii kwa Lugha ya Alama ya Marekani, pamoja na video ambamo viziwi wanaeleza sanaa ya kisasa. Msanii kiziwi Christine Sun Kim alikuwa miongoni mwa waelimishaji wake.

Baadhi ya hatua hazihitaji vifaa: kiongozi huwaelekea wageni anapozungumza, hazibi mdomo, na hurudia kila swali linaloulizwa kabla ya kulijibu.

Sheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kifungu cha 9 kinataja viongozi na wakalimani wa lugha ya alama katika majengo ya umma. Kifungu cha 30 kinataja makumbusho pamoja na utamaduni wa viziwi. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.