Mafuta yanainua, chuma kinashika

Jumamosi moja nilikwenda Tabata kumsalimia mjomba. Nikamkuta kwenye banda lake la gari nyuma ya nyumba, futi kamba mkononi, anapima kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi. Nikamwamkia. "Marahaba, anko," akajibu bila kugeuka. "Hebu nishikie huu upande wa chini."

Mjomba ni fundi magari wa zaidi ya miaka thelathini. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Miaka mingi iliyopita, katika gereji aliyokuwa ameajiriwa, jeki iliteleza gari likamlalia. Wenzake wakalinyanyua kwa mabega. Sasa ameachana na kazi za kuajiriwa, anataka kufunga lifti ya magari nyumbani ili afanye kazi akiwa amesimama. Kuna mchomeleaji amemwahidi kumtengenezea kwa bei poa. "Wewe mwandishi, tena una digrii," akaniambia. "Nichimbulie hiki kitu kilianzaje, halafu uniambie nichukue ipi."

Basi wadau, nikachimba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi alikuwa na njia mbili kubwa: kuchimba shimo na kuliegesha gari juu yake, au kulipiga jeki na kulala chini. Mashimo hayo tunayo mpaka leo, na ubaya wake ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatuama humo chini alipo fundi, na cheche moja tu inatosha.

Mwaka 1925, katika jiji la Memphis huko Marekani, Peter Lunati alikuja na njia ya tatu. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kutokana na kiti cha kinyozi. Kinyozi anapiga pedeli, mteja anapanda na kiti chake, kisha anazungushwa taratibu. Kwa nini gari lisipande vile vile? Lifti yake ilikuwa nguzo moja nene iliyofukiwa ardhini, na gari likishapanda uliweza kulizungusha. Ndiyo maana kampuni yake ikaitwa Rotary.

Elimu iliyomo ni ya zamani zaidi. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unaenea sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine iliyotumia kanuni hiyo. Pistoni kubwa ikiwa na eneo mara 10 ya ndogo, inatoa nguvu mara 10, ila inapanda sehemu moja tu ya 10 ya mwendo wa ile ndogo. Ndiyo sababu unapampu jeki mpaka jasho likutoke na gari limepanda kidogo tu.

Lakini kuinua ni nusu ya kazi. Mafuta yanavuja, sili zinachakaa, mabomba yanapasuka. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia mbele ya umati jijini New York, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo, breki yake ikanasa, watu wakashangilia. Fikra hiyo hiyo imo ndani ya lifti nzuri ya magari: kwenye nguzo kuna meno ya chuma, na gari linapopanda unasikia ndoano zikigonga "ka, ka, ka". Fundi makini hupandisha gari, kisha hulishusha kidogo likalie meno hayo. Kuanzia hapo uzito umebebwa na chuma, na umeme ukikatika au bomba likipasuka, gari halishuki. Jeki iliyomvunja mjomba haikuwa na kitu cha namna hiyo.

Nikarudi Tabata na majibu. Nguzo nne humeza gari likiwa juu ya magurudumu yake, zinafaa kuhifadhia gari. Nguzo mbili huacha magurudumu yakining'inia, kwa hiyo breki na saspensheni unazifikia vizuri. Kwa kazi za mjomba, nguzo mbili. Uwezo wa tani 4 unatosha, maana hata Land Cruiser kubwa ni kama tani 2 na nusu. Dari liwe na mita 3.6 hivi. Motanyingine hutaka umeme wa fezi tatu, hivyo aulize kabla ya kulipa.

Sakafu ndiyo iliyomnyamazisha. Nguzo mbili husimama kwa boliti zilizozama kwenye zege, na lifti nyingi hutaka zege lisilopungua sentimita 10, lisilo na ufa, lililokaa siku 28. Tulipotoboa pembeni, la kwake lilikuwa na sentimita 5.

"Kwa hiyo nivunje sakafu?"

"Uivunje, mjomba. Na huyo mchomeleaji akutengenezee geti."

Alicheka, kisha akakaa kimya akiusugua mkono wake. Akasema atasubiri mpaka hela ya zege ipatikane.

Nilipokuwa naaga, kulikuwa na gari la mteja juu ya jeki. Kabla ya kuingia chini, mjomba akaniita tusukumie gurudumu la akiba chini ya chasisi. Nikalisukuma mpaka likaingia lote.

Naomba kuwasilisha.